Mizani Tano

Wete, ghorofa ya kwanza, feni imekufa tangu Jumanne.
Mbele yangu madaftari ya vituo kumi na kimoja,
misimu mitatu ya karafuu,
na kila jina lina mizani zake: tarehe, kilo, daraja, sahihi
au dole gumba lililotoka wino nusu.

Wameniambia: chambua.
Neno hilo kwetu lina makonyo ndani yake.
Usiku wa mavuno tulikaa mkekani,
shada dhidi ya kiganja, karafuu huku, makonyo kule,
vidole vikanuka hadi Ramadhani.
Sasa nachambua kwa kompyuta, na vidole havinuki kitu.

Nikatafuta wastani, nikawapanga watu kutoka juu.
Wa kwanza kisiwa kizima: Nassor Mbwana wa Ole,
kilo sitini na mbili kila anapofika kituoni.
Alifika mara moja.
Wa mwisho kabisa: Mize Faki wa Mtambwe,
kilo moja na robo. Naye mara moja.
Kombo Shaame, aliyekuja mara thelathini na nne,
kwa mvua na kwa jua, gunia begani,
yumo katikati huko, jicho halimsimamii.
Basi huo si ukweli wa karafuu.
Ni kelele za watu wa siku moja
waliokamata ncha zote mbili za orodha.

Pawe na kizingiti, basi. Lakini kipi?
Nikaweka tatu: Nassor akatoka, wenziwe wakabaki.
Nikaweka kumi: orodha ikatulia kama maji ya mtungi.
Nikachungulia nani kaachwa nje ya mlango.
Takriban wote wanawake,
wenye mikarafuu miwili ya urithi,
mmoja umeshaanza kukauka kileleni.
Nikajaribu saba. Nikajaribu nane.
Nane ilinipa mchoro mzuri,
na hapo ndipo nilipoona haya,
maana nilikuwa kama mtu anayetafuta mwezi mwandamo
na kanzu ya Idi ameshaivaa.

Nikafunga mashine, nikachukua karatasi,
nikajiuliza bila kutazama majina:
mtu apimiwe mara ngapi
ndipo mizani imjue?
Nikaandika tano. Nikatia tarehe na sahihi.
Sidai kwamba tano imeshuka kutoka mbinguni.
Wa nne na wa tano wanaachana kwa safari moja ya baiskeli:
pengine njia iliteleza, pengine mtoto alishikwa na homa,
pengine karafuu zilipita usiku
kwenye njia isiyo na daftari.

Maalim wetu wa Kiswahili, skuli,
alihesabu mizani kwa kugonga meza,
na mshororo uliopungua silabi moja
aliupitishia kalamu nyekundu: "Guni hili."
Sikuwahi kumuuliza
guni huenda wapi.

Kwa bibi najua. Makonyo hayakutupwa.
Yalianikwa kwenye jamvi lake, yakatiwa gunia lake,
yakauzwa kwa bei yake,
ndogo, lakini bei.

Kwa hiyo mwisho wa ripoti, baada ya majedwali,
nimeweka majina mia mbili na kumi na mawili
ya walio chini ya tano,
kila mmoja na kilichoandikwa juu yake, hata kama ni mstari mmoja.
Bwana Khatibu, mkuu wangu, akavua miwani:
"Hawa kwenye wastani tuwatie sifuri?"
Hapana, nikamwambia. Sifuri ni jibu.
Hawa hatujawauliza vya kutosha.
Akakuna kidevu, akageuza ukurasa, akasema karatasi ni ghali.
Kisha akapiga muhuri.

Mize Faki, Mtambwe, mizani moja,
kilo moja na robo, dole gumba.
Wastani:
bado.